Mtemi Aliyepungukiwa Madini

Soma mpaka mwisho kwanza, kubisha baadaye.

Katika nchi ya Ikumbala alitawala mtemi mmoja jina lake Salamba, na Salamba huyu alikuwa na vilima vitatu vya dhahabu. Si kimoja, vitatu. Watoto wachunga mbuzi walirushiana mawe yenye kung'aa, na hakuna mtu mzima aliyejisumbua kuinama kuyaokota.

Mtemi alikuwa na kila kitu isipokuwa miguu ya kutegemea.

Ilianza barazani, mchana kweupe. Mtemi yumo katikati ya kutoa hukumu, kidole kiko juu, sauti imepanda, mara shavu la mguu wa kulia likajifunga fundo. Akapiga yowe. Wazee wa baraza wakadhani ni sehemu ya hukumu, nao wakapiga yowe kwa heshima.

"Nyamazeni! Mguu! Mguu wangu!"

Tangu siku hiyo misuli ikawa inamkaza asubuhi akishuka kitandani, inamkaza akicheza ngoma, inamkaza hata akiwa ameketi tu anasifiwa. Na kusifiwa ndiyo kazi aliyoifanya muda mrefu zaidi.

Sasa, Ikumbala ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, Mtemi hupanda Kilima cha Mbegu kwa miguu yake mwenyewe, kibuyu cha mbegu begani, nchi nzima ikitazama. Akifika juu akairusha mbegu ya kwanza akiwa amesimama, nchi inalima. Goti lake likigusa ardhi njiani, si Mtemi tena.

Salamba alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Akaitwa tabibu kutoka nchi ya mbali. Tabibu akambonyeza miguu, akamfunua kope, akauliza anakula nini, anakunywa nini, anatembea kiasi gani. Mwisho akasema, "Mtukufu Mtemi, mimi naona umepungukiwa madini."

Baraza likamgeukia Mtemi. Kisha Mtemi akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi? Mimi nipungukiwe madini? Lutonja, hebu mfungulie mgeni dirisha aone."

Lutonja alikuwa mshauri mkuu, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kusema neno "sijui". Akafungua dirisha. Vile vilima vitatu vikang'aa kama vimeitwa.

"Nasema madini ya mwilini, Mtemi," tabibu akajitahidi. "Yale yanayo..."

"Mwilini!" Lutonja akadakia. "Mmesikia? Mtaalamu amesema. Tatizo ni kwamba madini yapo kilimani, na mwili upo hapa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Maneno yalikuwa na mantiki, ukiyasikiliza haraka.

"Si dhahabu, jamani! Ni madini ya kwenye chakula. Yamo kwenye nafaka isiyokobolewa, kwenye majani ya mboga, kwenye mbegu, kwenye mifupa ya dagaa..."

Lakini wafua dhahabu walikuwa tayari wametumiwa mjumbe. Tabibu akashusha pumzi, akatoa chupa ya vidonge, akaiweka mezani. "Kimoja kwa siku, baada ya chakula. Kimoja. Na chakula chenyewe kibadilike. Hivi vidonge ni mkongojo, Mtemi, si mguu. Na miguu isipopata nafuu, niiteni tena, huenda kuna jingine." Akaondoka zake.

Mlangoni, sinia mkononi, alikuwa amesimama Minza, mpishi wa ikulu. Alisikia kila kitu. Akaweka sinia chini, akamfuata Lutonja ukumbini.

"Mzee Lutonja, shikamoo. Nadhani tabibu alimaanisha chakula."

"Wewe kazi yako nini hapa?"

"Kupika."

"Basi nenda kapike. Mambo ya madini tuachie tunaoyajua."

Minza akarudi jikoni akiwa amebana meno. Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo, na alishachoka tangu mara ya pili.

Kwa mwezi mzima Mtemi akavishwa njuga za dhahabu, mguu huu sita, mguu huu sita. Akitembea, nchi nzima inajua amekwenda wapi. Uji wake ukanyunyiziwa vumbi la dhahabu. Akaunywa, na vumbi likatoka kama lilivyoingia. Misuli ikazidi kukaza, maana sasa ilikuwa na mzigo wa kubeba.

"Dhahabu huchelewa kufanya kazi," alisema Lutonja.

Siku zikayoyoma. Ndipo Lutonja akaikumbuka ile chupa.

"Alisema kimoja kwa siku," Mtemi akamkumbusha.

"Kimoja ni kipimo cha raia, Mtemi. Wewe una vilima vitatu. Vitatu kwa kila kilima. Vinakuwa tisa."

Mtemi akameza tisa.

Kufika alasiri Mtemi alikuwa amehamia makazi mapya, na makazi hayo yalikuwa choo. Baraza likamsubiri siku nzima. Kesho yake likamsubiri tena. Alipotoka alikuwa mwepesi kama ganda la mhindi, midomo imekauka, na sasa misuli ilikuwa inamkaza miguu yote miwili, kwa sababu hata yale madini kidogo aliyokuwa nayo ameyaharisha.

Ikabidi apatikane mkosaji, na Lutonja hakuwa na mpango wa kuwa yeye.

"Mtemi," alinong'ona kwa sauti ya kusikika na watu hamsini, "ni nani anayekigusa chakula chako kila siku?"

Macho yote yakageukia mlango wa jikoni.

Minza akakamatwa mwiko ungali mkononi. Amri ikasomwa: atakaa mahabusu wiki mbili, kisha atajitetea. Akishindwa kujitetea, na goti la Mtemi likigusa ardhi kilimani, Minza atafukuzwa Ikumbala na majivu kichwani kama mchawi, na hakuna nyumba itakayompa hata kaa la moto.

"Mchawi!" Minza akasema peke yake, akisukumwa ndani. "Mtu amemeza vidonge tisa, mchawi ni mimi."

Mahabusu alimkuta mzee mmoja tu, Mzee Ndaki, umri wake miaka sabini na miwili. Alifungwa miaka mitatu nyuma kwa kosa la kucheka barazani. Mtemi alikosea jina la mgeni wake mbele ya mgeni mwenyewe, na Ndaki akashindwa kujizuia.

"Karibu, binti yangu," alisema. "Kumbe ndiwe mpishi. Nimekuwa na hamu ya kukuona. Kupika kwako sikujui, lakini kutupa kwako nakujua vizuri."

"Mzee, leo si siku ya kunitania."

"Sikutanii. Subiri chakula."

Chakula kikaja. Ugali wa rangi ya udongo, mzito, umekorogwa pamoja na pumba zake. Bakuli la maji ya kijani, maji ya mboga. Vichwa vya dagaa na mifupa yao. Maganda ya maharage yaliyochemshwa. Na maji baridi, mtungi mzima.

Minza akakitazama. Alikijua kila kipande. Alikuwa akikitoa jikoni kwa ndoo, yeye mwenyewe, kila siku.

Maana jiko la ikulu lilikuwa na sheria, na sheria hizo alizikuta. Chakula cha Mtemi kisifanane na cha raia. Mahindi yake yakobolewe, yalowekwe, yatwangwe mara tatu, mpaka unga uwe mweupe kama pamba. Mboga ichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, ichemshwe tena, maji ya pili yamwagwe, mpaka iache kunukia shamba. Dagaa wakatwe vichwa na wachambuliwe mifupa, ndugu zangu, dagaa! Maharage yamenywe ganda moja moja. Na maji ya kunywa asipewe, maji ni ya ng'ombe. Mtemi anakunywa chai asubuhi, mchana na jioni. Shughuli hiyo yote waliiita kusafisha.

Na Minza alikuwa akila ukoko wa sufuria hiyo hiyo safi, kama wapishi wote, na kwa muda mrefu alikuwa na siri yake: hata yeye misuli ilikuwa inamkaza. Akichuchumaa kwenye kinu, kuinuka ni kazi. Hakumwambia mtu. Mpishi anayechechemea anabadilishwa.

"Mzee Ndaki," alisema polepole, "wewe miguu yako ikoje?"

Mzee akainuka bila kushika ukuta. Akachuchumaa, akasimama. Akachuchumaa, akasimama. Akafanya hivyo mara kumi, kisha akasimama kwa vidole.

"Kila mwaka mfungwa ndiye anayebeba kigoda cha Mtemi hadi juu ya Kilima cha Mbegu," alisema. "Mwaka jana yeye alibeba kibuyu, mimi nilibeba kigoda cha mninga. Muulize nani alikuwa anahema."

Minza akala. Siku ya kwanza kwa shingo upande, siku ya tatu kwa njaa, siku ya saba kwa kupenda. Siku ya kumi na mbili alichuchumaa asubuhi nzima akiosha mabakuli. Alipoinuka ndipo alipogundua kwamba ameinuka tu, kama mtu.

Akasimama pale na bakuli mkononi, maji yanadondoka.

Alikasirika. Si kidogo. Miaka minne alikuwa akiimwaga miguu ya Mtemi mtaroni, kwa amri, na kila mwisho wa mwaka anasifiwa kwa usafi!

Akamwita mlinzi. "Kaka yangu, nakuomba. Kamwambie Mtemi ale chakula cha huku. Leo hii. Ndicho alichopungukiwa."

Mlinzi akaenda, akarudi na jibu la Lutonja: "Mtemi hali chakula cha wafungwa."

"Basi? Hilo tu?"

"Hilo tu, dada."

Minza akakaa chini. Kwa hiyo ukweli wanao, wameletewa mpaka mlangoni, na wameukataa kwa sababu umekuja kwenye bakuli la bati! Kuna watu huwezi kuwapa kitu mpaka uwaambie kwamba ni chao na kimeibwa.

Akainua kichwa. Akairudia sentensi hiyo taratibu.

"Mzee Ndaki," alisema, "kesho kutwa naenda kukiri kosa."

"Kosa gani? Huna kosa."

"Ndiyo maana litanisaidia."

Siku ya kujitetea ilipofika, baraza lilijaa mpaka nje. Zilikuwa zimebaki siku arobaini kufika siku ya kilima. Mtemi alikaa amenyoosha miguu juu ya mto.

"Mpishi, una la kujitetea?"

"Sina, Mtemi. Nakiri."

Watu wakaguna. Lutonja akavuta kanzu yake vizuri.

"Unakiri nini?"

"Nimekuwa nikikuibia madini."

Lutonja akaruka. "Nilisema! Si nilisema?"

"Kila siku, Mtemi, kwa miaka minne. Nilikuwa nayatoa jikoni kwa ndoo, mbele ya walinzi wako, na hakuna aliyenizuia."

"Umeyapeleka wapi?" Mtemi alisahau miguu, akasimama nusu, msuli ukamkaza, akakaa.

"Mengine nimeyamwaga mtaroni. Mengine nimempa punda. Mengine ameyala yule mzee pale."

Mtemi akamgeukia Ndaki. "Wewe! Umekula madini yangu?"

"Nimekula, Mtemi. Yalikosa chumvi kidogo, lakini sikulalamika."

"Yarudishwe!" Mtemi akapiga mkono wa kiti. "Yote! Mbele ya mashahidi!"

Minza akangoja kelele zitulie. "Hiyo ndiyo hukumu, Mtemi?"

"Ndiyo hukumu. Na hukumu yangu haigeuki."

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu wazee.

"Basi nitayarudisha yalikotoka. Yalitoka kwenye sahani yako, yatarudi kwenye sahani yako. Kidogo kidogo, siku arobaini, wazee wakishuhudia. Na siku utakayokataa kuyapokea, Mtemi, atakayekuwa amevunja hukumu si mimi."

Lutonja akaiachia kanzu yake.

Chakula cha kwanza kikaletwa. Mtemi akautazama ule ugali wa kahawia kama mtu aliyetukanwa.

"Hii nini?"

"Ni dona, Mtemi. Mali yako iliyorudishwa."

"Na haya maji ya kijani?"

"Yamo madini yako."

"Ninywe na maji?"

"Hasa maji."

"Huyu dagaa ana kichwa. Ananitazama!"

"Mtazame na wewe, Mtemi. Kisha umle."

Wazee waliokuwa mashahidi wakanyoosha shingo. Hukumu haigeuki. Mtemi akafumba macho, akala.

Siku arobaini zikaenda hivyo. Dona na majani ya maboga pamoja na supu yake. Maharage na ganda lake. Ndizi mbivu, mbegu za maboga za kukaanga, karanga, viazi na maganda yake. Maji ya kunywa, vikombe na vikombe, na chai ikabaki ya asubuhi tu. Kidonge kimoja baada ya chakula, kimoja, Minza akikitoa kwenye chupa kwa mkono wake na kuifunga chupa mbele ya Lutonja. Zile njuga za dhahabu akavuliwa, maana Minza alisema zinapiga kelele wakati madini yanarudi, na yanaweza kushtuka. Waliamini. Mambo ya kweli walikuwa wameyakataa mara tatu, hili wakaliamini papo hapo!

Siku ya ishirini Mtemi aliamka, akashuka kitandani, na nyumba haikusikia yowe.

Ikafika siku ya kilima. Nchi nzima ilijipanga chini. Mtemi mbele na kibuyu chake, Mzee Ndaki nyuma na kigoda kichwani. Minza alisimamishwa pembeni, na karibu yake mlinzi ameshika chungu cha majivu. Chungu kilikuwa bado na joto.

Mtemi akapanda. Robo. Nusu.

Katikati ya kilima akasimama ghafla. Akainama. Mkono ukaenda kwenye shavu la mguu.

Mlinzi akakisogeza chungu. Minza akafumba macho, akaanza kufikiria njia ya kutoka Ikumbala ni ipi.

Halafu kutoka juu ikasikika sauti ya Mtemi: "Siafu hawa!"

Alikuwa anajikuna.

Akaendelea kupanda, akafika kileleni, akasimama wima kama mlingoti, akairusha mbegu ya kwanza mbali kabisa. Vigelegele vikapasua anga. Minza akapanda mbio pamoja na watu wengine, miguu yake haimwambii neno.

Na ungedhani hadithi imeishia hapo, kwa furaha. Hapana. Hujawajua.

Lutonja alifika kileleni akihema, akainua mikono. "Ndugu wananchi! Si niliwaambia? Dhahabu huchelewa kufanya kazi!"

Mtemi akamnyamazisha kwa mkono. "Hapana, Lutonja. Ni dona. Ni maji ya mboga. Sasa nimejua."

Minza akashusha pumzi. Hatimaye! Mtu mmoja kaelewa.

"Kwa hiyo natangaza," Mtemi akaendelea, "kuanzia leo, dona, maji ya mboga na vichwa vya dagaa ni vya ikulu peke yake. Raia na wafungwa watakula unga mweupe."

Upepo ukapita. Minza alitazama umati, akamtazama Mtemi, akamtazama mlinzi ambaye, kwa sababu anazojua mwenyewe, alikuwa amepanda na chungu chake cha majivu.

"Mtemi, naomba kusema."

"Sema, mpishi mwema."

"Miguu yako imelegea. Lakini kichwa bado kimekaza."

Mlinzi akatia mkono kwenye chungu.

Kisha Mzee Ndaki, aliyefungwa miaka mitatu kwa kosa la kucheka, akiwa na kigoda cha mninga kichwani, akacheka. Akacheka mpaka kigoda kikayumba. Akafuata mwanamke mmoja, wakafuata watoto, wakafuata wazee wa baraza, ikawa kilima kizima, na hakuna mahabusu duniani inayotosha kilima kizima.

Mtemi akaangalia miguu yake. Akawaangalia watu waliokuwa wakila dona siku zote hizo na kupanda kilima bila kushikwa mkono.

"Na kichwa," akauliza kwa sauti ya chini, "kinatibiwa kwa chakula gani?"

"Hicho sikijui bado, Mtemi," Minza akajibu. "Lakini anza kwa kuwaachia watu cha kwao."

Akakichukua kile chungu mikononi mwa mlinzi, akayamwaga majivu kwenye shamba jipya, akashuka nacho. Jua lilikuwa limepanda, na kulikuwa na mboga ya kubandika. Amri ile ya kileleni haikutajwa tena na mtu yeyote, hata Lutonja.

Funzo: Ukiambiwa umepungukiwa, acha kutazama ulichorundika, tazama unachomwaga. Kidonge kina kipimo chake na tabibu ana nafasi yake, lakini hakuna chupa itakayomtosha mtu anayeitupa afya yake kwa ndoo kila siku kwa sababu tu inafanana na chakula cha maskini.